Kwa Nini Mzee Kimya Hugusa Sikio

Sehemu ya sita

Walionisoma wiki iliyopita waliniacha nimekaa kitandani, koti la mume wangu likiwa mapajani, na kiganjani nimeshika kidude cheusi kisichofika hata ukubwa wa punje ya mahindi.

Kwa mgeni wa safu hii, nieleze kwa ufupi. Mimi ni msusi. Mume wangu ni yule mnayemwita Mzee Kimya, mtunza funguo katika tamthilia ya jumba la warithi, ile ambayo ikianza hata mbwa wa mtaani hawabweki. Kwa muda alikuwa akijifungia bafuni na kuongea peke yake. Nikikaribia, ananyamaza. Basi nikaanza kupekua mifuko, na katika kupekua nikakipata kidude hicho. Nikakitia sikioni, sijui kwamba kimeunganishwa na simu yake na kwamba hupokea chenyewe.

Nikasikia mwanamke ananong'ona.

"Pumua kwanza. Halafu sema, 'Nimekuficha miaka yote hii.' Sema polepole. Mimi nipo."

Tumezeeka pamoja, jamani. Nimemzika mama yake kwa mikono hii. Leo kuna mtu anamfundisha namna ya kuniaga!

Mlango wa bafuni ukafunguka. Akatoka, taulo begani, maji yanamchuruzika kifuani.

"Nani huyu?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Huyu mwanamke anayekunong'oneza sikioni ni nani?"

Akakitazama kile kidude, akanitazama mimi. Midomo ikamcheza.

"Ni yule binti," alisema.

"Binti! Huna hata haya? Binti gani?"

"Yule wa… yule wa kwetu. Jamani, si yule wa kwetu."

"Sema jina lake."

Hakusema. Alisimama pale na macho yamemtoka, maji yanadondoka sakafuni, na mimi nikacheka kile kicheko cha uchungu ambacho wanawake wenzangu wanakijua.

"Umri huu wote, na bado unamficha jina!"

Nilidhani anaficha. Kumbe alikuwa analitafuta.

"Mama?" ilisema ile sauti sikioni mwangu, safari hii bila kunong'ona. "Mama, ni mimi. Nakuomba usimpigie baba kelele."

Alikuwa binti yangu. Binti yangu wa pekee, tunayemwita Kasuku tangu utotoni kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutambaa na hajanyamaza mpaka leo.

Nilikitoa kile kidude nikakiweka mezani kama mtu anavyoweka kitu cha moto. Mume wangu alikuwa bado amesimama mahali pale pale.

"Kasuku," nilimwambia.

Uso wake wote ukafunguka. "Kasuku! Eeh. Si ndiyo nakwambia."

* * *

Kasuku alifika kabla jua halijapanda. Anafanya kazi kule kule kwenye tamthilia, upande wa sauti. Ndiye huwavalisha waigizaji vipaza sauti vidogo vya kifuani, kisha hukaa pembeni na vifaa vyake masikioni, anasikiliza kila pumzi. Baba yake ndiye aliyemwombea kazi ile.

Tulikaa jikoni. Baba yake tulimwacha sebuleni na redio.

"Ilianzaje?" nikamuuliza.

"Kwa mlango, mama. Alikuwa afungue mlango aseme, 'Bwana ameshalala.' Maneno mawili tu. Akafungua, akasimama. Watu wakacheka, wakadhani anatania. Wakarudia. Akasimama tena."

"Halafu?"

"Mimi nilikuwa namsikia kupitia kile kipaza sauti cha kifuani. Wengine hawakusikia. Alikuwa ananong'ona, 'Mungu wangu, ninasema nini hapa?'"

Alinyamaza. Kasuku, kunyamaza.

"Nikaenda kwa mwongozaji. Ni mtu mwema. Akasema tumtilie kitu sikioni, nami niwe namtajia maneno. Tangu siku hiyo kila neno unalomsikia akisema kwenye televisheni, nimelisema mimi kwanza."

"Na hospitali?"

"Tulikwenda. Daktari alisema ubongo wake unachoka. Dawa zipo za kupunguza mwendo, za kurudisha hakuna."

"Mlikwenda," nilisema. "Wewe na yeye."

"Aliniapisha, mama."

"Mimi ni mke wake!"

"Ndiyo maana."

Niliinuka nikaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilikuwa nakumbuka. Nilikumbuka siku aliyoweka miwani kwenye friji, nikacheka. Siku aliyokwenda dukani akarudishwa na muuza duka mwenyewe, akasema walikuwa wanapiga soga. Siku aliyopita mbele ya jirani yetu wa miaka yote bila kumsalimia kwa jina, na jioni hiyo hiyo mimi nikawaambia wateja wangu saluni, "Mzee siku hizi ana maringo. Umaarufu umempanda kichwani."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Wakacheka, nami nikacheka nao.

"Kuna jambo jingine," Kasuku alisema nyuma yangu. "Wale Wachimbaji wenu wa saluni."

* * *

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana msiposikia habari za Wachimbaji hamtaelewa yaliyofuata.

Wachimbaji ni wapenzi wa ile tamthilia wanaokutana mtandaoni. Kazi yao ni kuchimba. Kikionekana kikombe mezani, wanauliza kwa nini ni chekundu. Pazia likiachwa wazi, basi kuna mtu atakufa. Wanasimamisha picha, wanaikuza, wanachora duara kuzunguka saa ya ukutani. Siku moja waliandika ukurasa mzima juu ya ndala zilizogeuzwa mlangoni, kumbe zilikuwa za fundi wa umeme aliyezisahau.

Mkubwa wao alikuwa mteja wangu. Anafanya kazi kwenye duka kubwa la vyakula, anapitisha bidhaa mashineni mchana kutwa. Jina lake la mtandaoni ni Darubini, na hata saluni tulimwita hivyo. Hakuna aliyemjua kwa jingine.

Darubini ndiye aliyeanza habari za mume wangu.

"Mama msusi," aliniambia siku moja, kichwa chake kikiwa mikononi mwangu, "wewe mwenyewe mtazame mzee wako. Kabla hajasema neno, anagusa sikio la kushoto. Kila mara! Na mlango, anautazama kwanza kama hajawahi kuuona, wakati yeye ndiye mwenye funguo. Na yule msichana, mrithi mdogo. Watu wote wa jumba wanamwita kwa jina. Mzee Kimya peke yake anamwita 'mwanangu'. Unadhani ni bure?"

"Ni mzee tu," nilijibu. "Wazee huita watu wanangu."

"La, mama. Yule ni baba yake mzazi. Anaficha."

Saluni nzima ilipiga kelele. Wengine walikubali, wengine walisema amekunywa dawa ya nywele. Lakini alipoiandika mtandaoni, moto ukawaka. Watu walichimba mpaka vipindi vya zamani kabisa. Wakasema pua zinafanana. Wakasema Mzee Kimya humfungulia msichana yule mlango kwa mkono wa kulia, na wengine kwa wa kushoto.

Sasa nilikuwa jikoni kwangu, na binti yangu ananieleza kila kimoja.

"Anagusa sikio ili kusogeza kile kidude anisikie vizuri. Mlango anautazama kwa sababu hakumbuki unafunguka upande gani. Na 'mwanangu'…"

"Hakumbuki jina," nilisema.

"Hakumbuki jina. Mimi namtajia, yeye anaona haya kukosea, basi anasema mwanangu. Hapo anajua hawezi kukosea."

Nilikaa chini. Watu wale wasiomjua, wenye simu zenye vioo vilivyopasuka, walikuwa wameona kila kitu. Maana yake tu ndiyo waliikosea. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikuona chochote.

"Sasa msikilize mwandishi alivyofanya," Kasuku aliendelea. "Amesoma maneno yao, akafurahi kama mtoto. Alisema Wachimbaji wametutungia hadithi nzuri kuliko yetu. Amebadilisha kila kitu. Baba sasa ndiye baba wa yule mrithi kweli, na wiki ijayo atamwambia, mbele ya watu wote. Hotuba ndefu, mama. Hajawahi kupewa hata nusu yake."

Basi "Nimekuficha miaka yote hii" ilikuwa hotuba hiyo. Walikuwa wanafanya mazoezi.

* * *

Mchana huo nilimkuta ameketi kwenye ngazi za nyuma, anapiga viatu rangi. Alikuwa amepiga kimoja mpaka kinameta, na anakipiga kile kile tena. Cha pili kilikuwa pembeni na vumbi lake. Nilikichukua nikampa, nikamwondolea kile cha kwanza.

"Kasuku ameniambia," nilisema.

Brashi ikasimama.

"Umekasirika?"

"Nimekasirika."

"Una haki."

"Kwa nini binti na si mimi?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Sasa sikujua tena kama anafikiri au amepotea njia.

"Kasuku akinitazama anaona mzee wake anaumwa," alisema. "Wewe nilitaka uendelee kugombana na mimi. Ungejua, ungeacha kugombana. Ungeanza kuongea na mimi taratibu, kama unavyoongea sasa."

Nilitaka kumpigia kelele ili kumridhisha. Sauti haikutoka.

"Acha kazi," nilimwambia. "Mwambie mwongozaji huwezi. Hotuba ndefu ya nini? Ukiaibika mbele ya watu?"

"Unajua nimekufa mara ngapi kwenye sinema?"

"Usinianzie."

"Nimekufa kwa risasi. Nimekufa kwa sumu. Nimeanguka kutoka ghorofani, nikaanguka tena kwa sababu mara ya kwanza jua liliingia kwenye kamera. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza jina. 'Wewe mwenye shati la kijani, kufa kidogo kushoto.' Leo nikipita sokoni watu wananiita."

"Wanamwita Mzee Kimya. Si wewe."

"Basi wamwite yeye. Mimi mwenyewe naanza kujisahau, mke wangu. Yeye angalau ana watu wa kumkumbuka."

Nikaona kope zake zimelowa. Akajifanya rangi ya viatu imemwingia machoni.

"Niache niseme hili moja," alisema. "Nikimaliza nitakaa nyumbani, unisuke nywele."

"Huna hata unywele mmoja."

"Utanisuka ndevu."

Nikacheka, naye akacheka, na katikati ya kicheko nikamuuliza swali ambalo sikuwa nimelipanga.

"Mimi je? Mimi unanijua bado?"

"Wewe!" alisema. "Vitu vinatoka kichwani kwa foleni. Wewe nimekupanga nyuma kabisa, na nimekuambia ushike ukuta."

Nilimkubalia. Nani angemkatalia?

* * *

Siku moja kabla ya kurekodi, Darubini alikuja saluni. Kampuni ya tamthilia ilikuwa imewaalika Wachimbaji wachache waje kushuhudia, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitwa. Alitaka nywele za sherehe.

"Mama msusi, siamini," alisema. "Nilichoona mimi kwa macho yangu, ndicho kinachokwenda kutokea!"

Niliendelea kusuka.

"Wenzangu wananiuliza nilijuaje. Nikwambie ukweli? Usimwambie mtu."

"Niambie."

"Mimi sikumjua baba yangu. Mama alikataa kunitajia mpaka akafa. Nikiwa mdogo nilikuwa nawatazama wanaume barabarani. Huyu ana masikio kama yangu. Yule anatembea kama mimi. Nilizoea kutazama hivyo. Basi nilipomsikia mzee wako akisema 'mwanangu', ile namna anavyoisema… nikajua. Hakuna mwanamume anayesema neno hilo hivyo kwa mtoto asiye wake."

Ningeweza kumwambia pale pale. Mwanangu, ulichokisikia ni mtu anayezama na anashika ubao uliokuwa karibu.

"Mama, unaniumiza," alisema.

Nilikuwa nimekaza msuko mpaka ngozi ya paji lake imevutika. Nikalegeza. Sikumwambia.

* * *

Nilikuwa sijawahi kwenda kule wanakorekodi. Jumba la warithi mnaloliona lina ngazi za marumaru na mapazia mazito. Kwa nyuma ni mbao nyembamba zilizoegemezwa magogo, nyaya zimetambaa sakafuni kama nyoka, na feni moja inayozimwa kila wakianza kwa sababu inapiga kelele.

Wachimbaji waliketishwa kwenye benchi, wakaambiwa wazime simu na wafunge midomo. Darubini aliketi mwisho wa benchi, nywele zake zinameta. Alinipungia mkono.

Mimi nilisimama karibu na Kasuku. Alikuwa kwenye kona, vifaa masikioni, kipaza sauti kidogo mbele ya midomo.

"Amekula?" aliniuliza.

"Amekula."

"Amelala?"

"Kidogo."

Mume wangu alisimama katikati ya ule mwanga mkali na koti lake la mtunza funguo. Mbele yake msichana anayeigiza mrithi, mtoto wa watu, mpole, alikuwa anamrekebishia kola. Mwongozaji akaomba kimya. Feni ikazimwa.

"Mwanangu," Kasuku alinong'ona.

Mume wangu akagusa sikio. Kwenye benchi nikawaona wanafinyana. Amegusa! Umeona? Amegusa!

"Mwanangu," alisema.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa namsikia binti yangu pembeni yangu akisema neno, na baada ya pumzi moja neno lile lile linatoka kwa baba yake kule kwenye mwanga, lakini limekuwa kubwa. "Nimekuficha miaka yote hii," Kasuku alinong'ona, na alipolisema baba yake hata mafundi wa taa waliacha kutafuna. Alisema jinsi alivyomfungulia milango mtoto wake mwenyewe kama mtumishi. Alisema jinsi alivyosimama nje ya chumba siku ya kuzaliwa kwake, asiweze kuingia.

Halafu akasimama.

"Lakini sikukuacha," Kasuku alinong'ona.

Kimya.

"Lakini sikukuacha. Baba. Lakini sikukuacha."

Macho ya mume wangu yalikuwa yamehama. Alikuwa anatazama mapazia, taa, mikono yake. Niliijua sura ile. Ndiyo aliyokuwa nayo siku ile na taulo begani. Mwongozaji aliinua mkono nusu, akataka kukata.

Kasuku akaacha maandishi. "Baba, ni mimi," alimwambia, na machozi yanamtiririka mpaka kwenye kile kipaza sauti. "Usiogope. Pumua. Nipo hapa hapa. Sema tu, sikukuacha."

Mume wangu akapumua.

"Sikukuacha," alisema. Kisha akaongeza mwenyewe, neno kwa neno, na Kasuku hakuwa amefungua mdomo: "Nilikuwa nakusikia. Hata nilipokuwa siwezi kukuona, nilikuwa nakusikia. Sauti yako ndiyo iliyonileta mpaka hapa."

Hayo hayakuandikwa na mtu. Yule msichana alisahau kazi yake, akamwangukia kifuani analia kweli.

"Kata!" mwongozaji alisema.

Watu walisimama. Wakapiga makofi mpaka zile kuta za mbao zikatikisika. Mimi nilimkumbatia Kasuku.

"Amesema na mimi," alisema. "Mama, umesikia? Alikuwa anasema na mimi."

"Nimesikia."

"Ngoja nimtoe kwenye zile taa. Joto linamchosha."

Akavua vile vifaa, akaenda. Mimi nikamfuata.

* * *

Mume wangu hakuwa ameuachia mkono wa yule msichana.

"Twende nyumbani, mwanangu," alikuwa anamwambia. "Mama yako yule pale, amekuja kutuchukua." Akaninyooshea kidole mimi, anatabasamu.

Yule msichana alicheka, akidhani ni utani wa wazee. Alipojaribu kuutoa mkono, mkono ukashikwa zaidi.

"Baba," Kasuku alisema. "Kazi imekwisha. Twende."

Aligeuka akamtazama. Alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama karani aliyemhudumia vizuri.

"Asante sana, binti," alisema. "Wewe ndiye unayenisaidia sana hapa, nimekuona. Mungu akuzidishie. Wazazi wako wako hai?"

Nilifungua mdomo. Kasuku alinishika kiwiko, akanifinya kwa nguvu.

"Wako hai, mzee," alijibu.

"Wasalimie. Waambie wamelea."

"Nitawaambia."

Akageuka na kuelekea mlangoni na yule msichana mkononi, taratibu, akimwonyesha nyaya asije akajikwaa. Yule msichana alinitazama nyuma, ananiuliza kwa macho afanye nini. Akaendelea kutembea naye.

Kwenye benchi walikuwa bado wanapiga makofi. "Ona, hajatoka kwenye uhusika!" mmoja alipaza sauti. "Huyo ndiye mwigizaji!"

Darubini peke yake hakuwa anapiga. Alikuwa amesogea mpaka karibu yetu na hakuna aliyemwona akisogea. Simu yake ilikuwa mkononi, usawa wa kifua. Uso wake umekuwa kama majivu. Mtu aliyezoea kutazama kama yeye hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Mama msusi," alisema polepole. "Mzee haigizi. Sivyo?"

Nilitafuta uongo. Nimesuka vichwa vya wanawake maisha yangu yote, najua uongo wa kila aina, na siku ile sikupata hata mmoja.

"Haigizi," alisema Kasuku nyuma yangu. "Haigizi chochote. Anaumwa. Tangu kile kipindi cha mlango anaumwa, na ninyi mmekuwa mkichora maduara."

Darubini aliweka mkono mdomoni. Mkono ule mwingine ukashuka, na simu ikageuka na kioo chake kikanitazama mimi.

Nikaona mioyo midogo midogo inapanda upande wa kioo, inapanda na kupasuka. Nikaona maandishi yanakimbia. Simu haikuwa imezimwa. Wachimbaji wote wa mtandaoni walikuwa ndani yake, mubashara, tangu hotuba ilipoanza. Wamemsikia. Wamemsikia Kasuku pia.

"Zima!" nilimwambia.

"Sikukusudia, mama, wallahi sikukusudia, nilitaka wenzangu tu…" Vidole vyake vilikuwa vinagonga kila mahali isipokuwa panapotakiwa.

Maandishi yaliendelea kukimbia. Yalikuwa yanapita upesi, lakini moja lilirudiwa na huyu, na yule, na mwingine, mpaka nikaweza kulisoma.

Huyu dada anayelia ni nani? Mtazameni paji la uso. Mtazameni pua. Huyu ndiye mtoto wa Mzee Kimya.

Kasuku alikuwa anasoma juu ya bega langu.

Akainyakua ile simu mkononi mwa Darubini, ikiwa bado mubashara, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, na akaanza kumkimbilia baba yake, ambaye alikuwa amefika mlangoni na anamfungulia mtoto wa watu mlango.